Bwana Stoo na Soketi Zenye Mimba

Katoni mpya ya soketi ilipofika karakana, Bwana Stoo hakuifungua siku hiyo. Aliiweka juu ya kabati, akaifunika kwa gazeti, akaenda zake kunywa chai. Alisema hataki kupima kitu akiwa bado na hamu nacho. Kesho yake asubuhi aliishusha, akatoa soketi moja, akaiweka kiganjani, akafumba macho na kuipandisha na kuishusha taratibu kama mama anayekadiria uzito wa nyanya sokoni. Akatoa ya pili, akafanya vilevile. Baada ya hapo ndipo alipovuta kiti, akawasha mita, akaniambia nisogee.

Wote tulimwita Bwana Stoo, kuanzia mkuu wa mradi hadi mama aliyetuletea maandazi getini. Jina lake lilikuwa kwenye makaratasi ya mshahara, na sioni sababu ya kulitoa huko. Niliketi naye meza moja miaka sita, katika karakana ya mradi mmoja hapa Morogoro mjini. Alikuwa na haja moja tu kazini, na aliisema waziwazi: awepo pale stoo mpaka zahanati ya mwisho ya Uluguru ipate kisanduku chetu. Hakuwepo. Aliondoka kabla, kwa sababu yangu, na yeye hajui. Nasema mapema ili mtu asije akanihurumia njiani. Wala sitaki kujifanya nalia. Nikiyakumbuka mambo haya napata ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Visanduku vyenyewe vilikuwa vya kulinda chanjo. Kisanduku kinafungwa kwenye friji ya zahanati, kinapima baridi, kinapeleka habari kwa waya hadi kwenye kompyuta ya ofisini. Friji ikizima, nesi anapata ujumbe kabla dawa hazijaharibika, nasi pia tunaupata. Zahanati nyingi za milimani friji iko jengo moja na ofisi iko jengo jingine, kwa hiyo waya unakatiza uwanja, juani na mvuani. Na mvua ya Uluguru haiji peke yake, inakuja na radi.

Hapo ndipo soketi ilipokuwa na maana. Ni lile tundu la mraba unamochomeka waya wa intaneti ukasikia klik. Kwa nje zote zinafanana. Kwa ndani kuna za aina mbili. Ya kwanza ni tupu, vijiti vya shaba vimenyooka kutoka mdomoni hadi miguuni. Ya pili imebeba transfoma ndogondogo, pete za sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Habari inavuka kwa njia ya sumaku, lakini umeme wa radi ukija mbio kwenye waya unakuta hakuna njia ya kupita. Karakana nzima tuliziita hizo zenye mimba, na zile tupu tukaziita kavu. Bwana Stoo alichukia utani huo ulipoanza. Baada ya mwezi akawa anausema yeye kuliko sisi sote.

Mimi nilitoka chuoni nikiamini soketi inachaguliwa kwa bei na kwa umbo. Wiki yangu ya kwanza nilimpelekea karatasi yenye aina tatu, nimeipigia mstari ile ya bei ndogo. Hakuitazama bei. Aliuliza mchoro wa mtengenezaji uko wapi. Nilipomletea, aliuliza kama transfoma zake zinakubaliana na chipu ya bodi yetu, lile bamba la saketi ndani ya kisanduku, kama mguu wa katikati wa kila transfoma umetolewa nje au umefichwa, kama kopo lake la chuma lina masikio ya kuungwa na waya wa ardhini, na kama inavumilia joto la bati la zahanati saa nane mchana. Akanirudishia karatasi, akasema kwa upole kwamba nilichomletea ni orodha ya vitu vya dukani, bado hakijawa chaguo.

Kulikuwa na wahandisi waliotaka tununue soketi kavu na transfoma pembeni, kila kimoja kichomelewe kivyake kwenye bodi. Walisema hivyo mtu ana uhuru zaidi. Yeye alikataa. Alisema kila kiungo cha lehemu ni mahali ambapo mtu aliyechoka anaweza kukosea, na sisi wote huchoka kuanzia saa tisa alasiri. Transfoma ikikaa ndani ya soketi kuna viungo vichache vya kukosea. Mpaka leo sijasikia sababu nzuri kuliko hiyo, ingawa nimehudhuria semina nyingi zenye maneno marefu.

Alikuwa na njia zake ambazo hazikuandikwa popote. Kabla hatujaagiza soketi mpya alikata boksi la majani ya chai, akachora juu yake miguu ya soketi kwa kufuata mchoro, akatoboa matundu kwa sindano ya kushonea, kisha akachomeka soketi ya mfano aone kama inaingia. Watu walimcheka. Halafu siku moja kipande chake cha boksi kikakataa kuingia kwenye bodi niliyokuwa nimeichora mimi. Mtengenezaji alikuwa amechora miguu kama inavyoonekana kwa chini, mimi nimeisoma kama inavyoonekana kwa juu. Bodi zote zingetoka kinyume. Alinisogezea kile kipande mezani bila kupaza sauti.

“Binti,” alisema, “bodi yako imevaa shati mgongo mbele.”

Hakumwambia mtu mwingine. Nilichora upya siku ile ile, nikabaki namwogopa na kumpenda kwa pamoja, kama tunavyowaogopa walimu wachache.

Ubahili wake ulikuwa na kasoro. Bisibisi hakuazimishi. Ukitaka lehemu anakupimia urefu kwa shubiri, tena kwa shubiri yake ambayo ilikuwa fupi. Lakini kila katoni iliyofika, soketi moja aliibana kwenye jiliwa na kuikata kwa msumeno wa chuma, akaifungua kama mtu anayepasua samaki, akatuita tuje tuone pete za ndani. Afisa ununuzi alilalamika kwamba anaharibu mali. Bwana Stoo akamjibu kwamba katika katoni nzima ile iliyokatwa ndiyo pekee tunayoijua, nyingine zote tunazidhania. Alimjibu kwa heshima zote, na aliendelea kukata.

Na wauzaji wa Dar, miaka yangu ya mwanzo pale, aliwafokea kwa utaratibu. Kwanza salamu. Kama aliyepokea simu alikuwa kijana, alisubiri shikamoo yake, akaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za mvua za huko. Yakiisha hayo yote ndipo alipomwambia kwamba mzigo aliouleta ni takataka na autume tena. Nilimuuliza siku moja kwa nini asianze na takataka. Akasema mtu akishakuitikia salamu hawezi tena kukukatia simu.

Alisali misa ya kwanza kila Jumapili, na kwenye meza yetu alikuwepo mwenzetu Mwislamu. Mwezi wa Ramadhani Bwana Stoo hakunywa hata maji mbele yake, chupa yake aliificha nyuma ya katoni na kuinywea uani. Kwaresima ilipofika alitafuna karanga kutwa nzima na maganda akayaangusha juu ya bodi zangu. Nilimkumbusha. Alisema Mungu wake amezoea.

Yeye mwenyewe hakuwa na intaneti. Simu yake ilikuwa ya vibonye, imefungwa raba ili betri isidondoke. Nyumbani kwake, juu ya Mkuyuni, waya wa mtandao ulikuwa haujafika na hakuonekana kuukosa. Nilimtania kwamba anachagua milango ya nyumba ambazo hataingia. Alinitazama usoni, akasema yeye kazi yake ni zile chupa ndani ya friji, hayo mengine ya intaneti ni yetu. Alisema chanjo ni kitu ambacho mama anakishukia mlima na kuupanda tena, na mtoto yuko mgongoni.

Soketi aliyoikubali aliiwekea alama nyuma, tone la rangi ya kucha. Nyekundu. Alinunua kichupa sokoni mwenyewe, na muuzaji akamuuliza ni ya mama au ya binti, naye akajibu ni ya kazini. Kichupa kilidumu mwaka. Nyuma ya kila kisanduku kilichopanda mlimani palikuwa na tone hilo, na maana yake ilikuwa moja tu, kwamba yeye ameipima na anaijibia.

Sasa niseme habari ya masikio.

Mita yetu ilikuwa ya zamani, kioo chake kimefifia hata namba hazisomeki. Tulitumia sauti yake. Ukigusa miguu miwili ya soketi yenye mimba, mita inalia tii, kwa sababu umeme mdogo wa mita unazunguka kwenye waya wa transfoma na kurudi. Ukigusa kavu, mita inanyamaza. Ni kipimo rahisi. Mtu akiwa na masikio hahitaji kingine.

Mwaka wangu wa tatu, asubuhi moja, betri ya mita ilikuwa imekwisha na hakuna aliyejua. Bwana Stoo aligusa soketi, akanitazama usoni. Nilikuwa natafuna andazi, sikufanya lolote. Akaiweka upande wa mbovu. Akagusa ya pili, akanitazama, akaiweka upande wa mbovu. Ya tatu na ya nne vivyo hivyo. Ndipo nilipotambua kwamba mita haijalia hata mara moja, na kwamba yeye hakuwa anaisikiliza. Alikuwa anasoma uso wangu. Siku nyingine zote mita ilipolia, uso wangu ulibadilika kidogo bila mimi kujua, na yeye alikuwa ameshazoea kuusoma, sijui tangu lini.

Nilimwambia betri imekwisha. Alisema anajua. Akabadilisha betri.

Tangu siku hiyo nikawa namwitikia kwa kichwa. Hatukukubaliana. Mita ikilia naitikia, ikinyamaza natulia, naye anaendelea na kazi. Ningeweza kuomba mita mpya yenye taa. Lakini kuiomba kungekuwa kumtangaza, na mtu wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, ambaye umri wa kustaafu umeshampita, hatangazwi hivihivi. Basi nikawa masikio yake. Mwanzoni nilijisikia mtu wa maana. Baadaye ikawa kazi kama kufagia.

Katoni iliyotuangusha ilikuwa nzuri kwa nje. Ile tuliyoikata ilikuwa na mimba, pete zote zipo. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. Sikuwa na msiba wala ugonjwa wala ugomvi na mtu. Nilikuwa nimechoka kutazamwa, basi. Mkono wake ulikwenda kwa mdundo, gusa, tazama, tone, na kichwa changu kikaufuata ule mdundo badala ya kuifuata mita. Nikaitikia soketi ambayo haikulia. Nililitambua hilo kwa kuchelewa, tone limeshawekwa, soketi imeshaingia kwenye trei na wenzake, na mkono wake umeshashika nyingine.

Ningesema, turudi nyuma, kuna moja haikulia. Angeniuliza ipi. Ningejibu sijui, tupime trei nzima. Na angetaka kujua kwa nini niliiitikia, na hapo tungelazimika kusema kwa midomo kile ambacho miaka mitatu tulikisema kwa kichwa. Nikaona aibu, kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Nikajiambia kwamba bodi ikishakamilika itajaribiwa mezani, na kama soketi ni kavu itakataa. Ilijaribiwa kwa kebo fupi ya mezani. Taa zote ziliwaka. Kavu nyingine hufanya kazi kabisa kwenye kebo fupi, mpaka siku radi itakapokuja.

Ilikuja masika, kwenye zahanati moja ya upande wa Matombo. Umeme uliingia kwa waya wa uwanjani, ukapita kwenye ile soketi, ukaunguza bodi yote. Kisanduku kilikufa, na friji nayo ikazima siku chache baadaye bila kumwambia mtu. Ilipogunduliwa, chanjo zote zilikuwa za kumwagwa. Nesi alitupigia simu. Hakugomba. Alisema kina mama wameshuka wamekuta hakuna kitu, amewarudisha, wiki ijayo atawarudisha tena. Sikumuuliza kama kuna mtoto aliyeugua. Mpaka leo sijauliza.

Kisanduku kililetwa kikiwa cheusi. Bwana Stoo alikigeuza, akaona lile tone lake, rangi imevimba kwa joto lakini bado nyekundu. Alichukua msumeno akaikata soketi pale pale, mbele ya watu. Ndani hapakuwa na pete. Aliiweka mezani, akapangusa mikono, akasema alama ni yake. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiwa na funguo za kabati mkononi, na nakumbuka nilizihesabu.

Kikao kilifanyika ofisini kwa mkuu wa mradi. Tulikuwa wanne: mkuu, afisa ununuzi, Bwana Stoo na mimi. Mkuu ni mtu mstaarabu, anaongea chini kama anayemsalimia mgonjwa, na siku hiyo aliongea huku ameinamia karatasi zake. Feni ilikuwa inazunguka. Akauliza, “Mzee, hizi soketi ulizipima peke yako?”

Bwana Stoo hakusikia. Nililijua hilo kama ninavyojua njia ya kwangu. Alijua tu kwamba ameulizwa, kwa sababu chumba kilikuwa kimenyamaza. Akanigeukia, akanitazama usoni, kama alivyofanya mara elfu mezani kwetu.

Nikaitikia kwa kichwa.

“Ndiyo,” alisema.

Nimejaribu kuamini kwamba nilifanya kwa mazoea. Siku nyingine karibu naamini. Lakini swali nililisikia vizuri, na nililielewa, na nilijua likijibiwa hapana litakalofuata ni jina langu. Kichwa kikainama na kuinuka. Mkuu aliandika kitu kwenye karatasi. Akasema wanamshukuru sana Mzee kwa utumishi wake, na Bwana Stoo, ambaye hilo nalo hakulisikia, akanitazama tena, na mara hii niliangalia dirishani.

Mkataba wake haukuongezwa. Alikabidhi stoo kwa siku mbili, akasoma kila droo kwa sauti huku mimi naandika. Wakati wa kuondoka alinipa mkono, akaniambia nisiache kukata moja katika kila katoni. Nilisema sawa. Nilikata moja katika kila katoni. Tulinunua mita yenye taa wiki iliyofuata, na hakuna aliyebisha. Visanduku vya mwisho vilifungwa mwaka uliofuata, kikiwemo cha zahanati ya karibu na kwake. Sikwenda kukifunga hicho. Nilisema nina homa.

Miaka miwili ilipita hivyo. Nilikula, nililala, nilipanda cheo. Mradi ulipofungwa na karakana ikagawanywa, nikaona kwamba sasa hakuna tena mtu anayeweza kumfukuza mtu, na nikapanda Mkuyuni. Ilikuwa siku ya soko. Pikipiki iliniacha barabarani kati ya mafungu ya nanasi, nikapanda kwa miguu nikiuliza nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeyasema njia nzima ndani ya kofia ya pikipiki, na hayakuniuma.

Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba, amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo hadi shingoni. Hakuwa anatengeneza kitu chochote. Mkewe alikuwa chini kwenye jamvi anakwangua magome ya mdalasini kwa kisu. Nilimpa shikamoo, na Bwana Stoo akaisoma midomoni mwangu, akaitikia marahaba kwa sauti kubwa mno, kisha akanishika mikono yote miwili na hakuiachia upesi.

Mkewe aliniletea kigoda. Aliniambia niseme kwa nguvu, tena sikio la kushoto, la kulia limekwisha kabisa.

“Yalianza kuondoka akiwa bado huko kwenu,” alisema. “Nilimwambia awaeleze wakubwa wake. Akaniambia hakuna haja, yupo binti anayemsikilizia. Ni wewe?”

Nilisema ni mimi. Akasema asante.

Bwana Stoo hakufuata mazungumzo yetu. Aliniuliza habari za karakana, za afisa ununuzi, za mama wa maandazi, na kila nilipojibu aliangalia midomo yangu, akapata nusu, nusu nyingine akaikisia. Aliuliza kama kisanduku cha zahanati yao nilikichagulia soketi mimi. Nilisema ndiyo. Akafurahi, akamwambia mkewe unaona. Kisha akasogeza kiti.

“Kuna kitu nilitaka kukuuliza,” alisema. “Siku ile ya kikao. Mkuu aliniuliza jambo, nikajibu ndiyo. Aliniuliza nini?”

Chini ya nyumba watu walikuwa wanapanda kutoka sokoni na vikapu vyao, wanasalimia. Ili anisikie ningelazimika kupiga kelele, na maneno yale sikuwahi kuyawazia kelele. Nikayasema kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo nilijua haifiki.

“Aliuliza kama ulizipima peke yako. Hukusikia, mimi nikakuitikia. Na ile soketi haikulia, nilijua haikulia, nikanyamaza.”

Kisu cha mkewe kilisimama juu ya gome.

“Anasemaje?” Bwana Stoo alimuuliza.

Mkewe alinitazama. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa kama wa mtu anayesoma karatasi aliyoletewa na serikali ya kijiji. Kisha akajiinua, akamwinamia mumewe kwenye sikio la kushoto.

“Anasema waliuliza kama ungependa kupumzika.”

Bwana Stoo alifikiri. Alifikiri kwa muda, midomo yake ikijaribu lile swali. Mwishoni akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyepata kitu mfukoni mwake mwenyewe.

“Kumbe niliomba mwenyewe,” alisema. “Na mimi miaka miwili nawalaumu wale watu bure.”

Akamwambia mkewe anifungie mdalasini, fungu zuri, la mkuu wa mradi. Nimpelekee, nimwambie Mzee hana kinyongo, alikuwa hajaelewa. Alirudia mara mbili ili nisisahau. Mkewe alichagua magome marefu, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akanipa mkononi. Nilipoaga, Bwana Stoo aliniambia nisikawie tena hivyo, siku za soko usafiri ni mwingi.

Mkewe alinisindikiza mpaka njia inapogawanyika. Tulipofika pale alisimama, akanitoa unyuzi wa mgomba begani kama mama yeyote.

“Kila siku ya soko anavaa shati lile,” alisema. “Anasema huenda leo binti akapanda. Sasa nitamwambia umehamishwa, umekwenda mbali. Usije ukanifanya mwongo.”

Nilisema nimesikia, mama. Akageuka akapanda.

Bado naishi Mafiga, hapa hapa Morogoro mjini.